Nililipia viumbe adimu wa Udzungwa, nikaletewa kahawa ya Ethiopia

Nilijiambia nisiandike mpaka hasira ipoe. Miezi imepita na haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Jina la huduma yenyewe silitaji. Wanaofanya kazi kama yangu wataijua. Unaingia kwenye tovuti, unaandika latitudo na longitudo za mradi wako, unalipa kwa kadi, na kabla chai haijapoa umeshushiwa ripoti yenye ramani za rangi: nani yuko kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, katika eneo hilo, nani yuko hatarini kutoweka, nani amebakiza pumzi moja. Hapo ndipo unapoanzia Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla hujavaa buti kwenda porini. Mimi nilikuwa naisifia. Nimewahi kumshawishi mwenzangu mmoja ajiunge, na nikimwona sasa nainamisha kichwa.

Mradi ulikuwa mtambo mdogo wa umeme wa maji kwenye kijito kimoja kinachoshuka milima ya Udzungwa, upande wa Uhehe. Banio, bomba, kibanda cha mashine. Ungedhani ni kitu cha kumaliza kwa wiki mbili. Ila kwenye milima ile huwezi kugusa maji bila kukumbuka Kihansi, korongo lenye maporomoko kwenye milima hiyo hiyo. Mwaka 1996 bwawa likiwa linajengwa tayari, watafiti wakakuta chura wa manjano asiyefika hata sentimita tatu, anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale na si kwingine popote duniani. Tena hatagi mayai, anazaa vichura vilivyokamilika. Tathmini ilikuwa imempita. Mwaka 2000 maji yakageuziwa kwenye mitambo ya megawati 180, korongo likakauka. Wakatandika mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga manyunyu, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu ukaingia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyeokoka ni yule aliyepandishwa ndege: karibu vyura 500 walipelekwa Bronx Zoo, Marekani, na vizazi vyao ndivyo vilivyorudishwa korongoni mwaka 2012. Najua watu wanacheka, eti vyura wana pasipoti. Mimi kila nikisaini karatasi ya kijito huwa sicheki.

Sasa ripoti ikaja. Nikaipitia ndani ya basi, kwenye simu, kioo kimepasuka, na mtu wa pembeni anakula mahindi. Majina ya Kilatini mfululizo. Chura wa Kihansi sikumwona, nikashukuru, nikasema tuko mbali na korongo lake. Na kwenye mimea, juu kabisa: kahawa aina ya arabika, iko hatarini. Nikajisemea labda kuna mashamba ya zamani huko juu. Nikaandika muhtasari wangu.

Kesho yake ni mkutano wa kijiji. Mwenyekiti yupo, mtendaji yupo, akina mama wamekaa kwenye nyasi. Nikasimama na karatasi yangu nikawasomea kwamba kati ya vitu vinavyotakiwa kulindwa hapa ni kahawa ya mwitu. Kimya. Kisha mzee mmoja akanyoosha mkono taratibu.

"Mama, kahawa hii ya kunywa?"

Nikamwambia ndiyo, mzee wangu.

"Huku kwetu ni chai na mbao. Hiyo kahawa iko kwa nani?"

Waliocheka kwanza ni watoto. Kisha mkutano mzima.

Usiku nikafungua ile ramani ndogo ya pembeni nikaikuza mpaka macho yakauma. Jina lililokuwa pale ni Yayu. Yayu, jamani! Msitu wa kusini-magharibi mwa Ethiopia, ule ambao UNESCO iliuingiza kwenye hifadhi zake za baiolojia mwaka 2010 kwa sababu arabika inaota humo yenyewe, mwitu kabisa. Na kweli arabika ya mwitu iko kwenye Orodha Nyekundu, hawakudanganya. Ila mimi nilikuwa nyuzi nane na ushee kusini mwa Ikweta, wao wamenipeleka nyuzi nane na ushee kaskazini.

Nikapiga simu ya huduma kwa wateja. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana kosa la ramani ningelisamehe. Kijana akapokea, nikamweleza, akakaa kimya akibofyabofya, halafu akacheka. Akacheka! "Dada yangu, mfumo unasoma ulichoandika. Hukuweka alama ya kutoa, ndiyo inayoonyesha kusini. Hukufundishwa kwamba uko kusini mwa Ikweta?"

Dada yake. Nina watoto wanaomzidi umri.

Nikamuuliza kama naweza kupata nyingine kwa koordineti sahihi. Akasema naweza, nilipie. Bei nzima. Nikamwambia fomu yenu haina mahali pa kuandika S wala N, GPS yangu inaonyesha S kisha namba, namba ndiyo niliyoandika. Akasema wateja wengine wote wanaelewa. Nikamwambia mwanangu, kwenye fomu hiyo hiyo mmeniuliza nchi nikaandika Tanzania, na Tanzania nzima iko kusini mwa Ikweta, hakuna hata kijiji kimoja kilichovuka. Mashine inayojua makazi ya kila ndege duniani imeshindwa kujua hilo? Akaniambia nchi ni kwa ajili ya risiti tu. Simu ikakatika. Sina hakika nani aliikata.

Nyota moja, nikasema. Na hiyo moja ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Nililipa tena. Ningefanyaje, mteja wangu anasubiri na NEMC, baraza la mazingira la taifa, haisubiri. Na kusema ukweli unaoniuma, ripoti ya pili ilikuwa nzuri mno. Chura wa Kihansi akatokea, na historia yake yote. Kipunji akatokea, yule kima ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua kwa jina wakati wataalamu bado wanabishana kama yupo. Sange mwenye uso wa kijivu, kanyama kadogo kenye pua ndefu, aliyeanza kunaswa na kamera za mtego mwaka 2005, akapewa jina la kisayansi 2008. Kwale wa Udzungwa, ambaye sayansi ilimtambua kwa miguu yake kukutwa kwenye sufuria ya kambi mwaka 1991. Alishapikwa. Nilikaa naisoma mpaka betri ikaisha. Basi nyota tatu. Labda tatu na nusu.

Kisha nikafika ukurasa wa kijito changu: "Amfibia: hakuna." Nyota zikashuka tena. Si "hakuna kumbukumbu", wameandika hakuna. Ukiangalia nukta za ramani unaona wazi kwamba watu wametembea kwenye njia mbili tatu za watalii na kando ya barabara, bonde langu ni jeupe kwa sababu hakuna aliyewahi kulala pale na tochi. Mhandisi akiiona hiyo "hakuna" anaishika kama hati ya kiwanja. Tulibishana naye asubuhi nzima. Yule mzee wa kahawa ndiye aliyetuongoza usiku hadi kwenye poromoko dogo juu ya banio, akatuambia tuzime tochi tusikilize. Walikuwa wanaita kila upande. Niliwapiga picha wawili. Si wa Kihansi, hilo nina hakika nalo; ni nani, mtaalamu wa vyura niliyemtumia bado hajanijibu, na mpaka ajibu nimeandika kwamba sehemu ile maji yasipunguzwe.

Kosa la alama lilikuwa langu, sawa. Nimeliandika, msinitumie ujumbe. Lakini kucheka hakukuwa kwangu.

Majuzi muda wa uanachama ukaisha nikalipia mwaka mwingine, kwa sababu sijapata mbadala wake. Fomu bado haina S wala N. Na kule kijijini sina jina tena: nikishuka tu kwenye gari nasikia, "Kamwene, Mama Kahawa!"