Mihuri ya majina ya Kichina, Majengo, Dodoma

Duka hili jirani na Soko la Majengo linachonga mihuri safi, kingo kali, wino hausambai. Tatizo ni majina ya Kichina, kwani jina moja huandikwa kwa namna nyingi. Jina la ukoo 陳, lililotokana na dola ya kale ya Chen huko Henan, ni Chen kwa Kimandarini, Chan Hong Kong, Tan Singapore na Trần Vietnam. China Bara huandika 陈, umbo lililorahisishwa. Fundi asigeuze Tan kuwa Chen. Afuate pasipoti herufi kwa herufi, jina la ukoo likitangulia. Daini karatasi ya majaribio kabla hajachonga. Mkiona humo visanduku vitupu, fonti (seti ya herufi) ya kompyuta yake haina Kichina: mpeni PDF iliyobeba fonti ndani yake. Wakikosea wao, hurudia bure, na kwa hilo wanastahili pongezi kubwa.