Noti ya dola ya mazingaombwe: tamu ila gundi sasa

Jamani nimeipata ile noti ya dola 1 ya mazingaombwe, imekatwa vipande vinne ikabandikwa upya, yaani George Washington nusu uso kulia nusu kushoto, na zile namba 1 za pembeni zote zimekutana katikati. Unakunja dola ya mtu, unabadilisha kimyakimya, unafungua, watu hoi! Kwenye harusi ya binamu shangazi kaning'ang'ania nimrudishie dola yake ikiwa nzima 😂 Ila gundi ya huyu muuzaji ovyo kabisa, nimekunja kama mara kumi tu kona moja ishaanza kuachia, na kwenye mwanga mkali mshono unaonekana. Fanyia usiku. Nampa nyota 3.