TAHADHARI TANGA: Boksi la faili linaingia ghalani kwa buku jero, linatoka kwa elfu ishirini na tano

Ndugu wafanyabiashara wa Tanga, hasa wenye maduka ya jumla, zahanati, shule binafsi na ofisi za mawakala wa forodha: kuna watu wanapita maofisini, kuanzia Chumbageni mpaka barabara za Ngamiani, wakiuza huduma ya kuhifadhi nyaraka nje ya ofisi. Wanakuja wawili na vitambulisho shingoni, wanatazama stoo yako ilivyojaa faili hadi darini, halafu wanataja bei: shilingi 1,500 kwa boksi kwa mwezi. Boksi tupu wanakupa bure na gari la kubebea ni lao. Huduma ya namna hii ina kazi yake, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu angalau miaka 5, na kodi ya chumba mjini ni kubwa mno kwa kulaza vocha za zamani. Ubaya umejificha kwenye mkataba wao na kwenye sakafu ya ghala lao. Vyote viwili unaweza kuvikagua kabla boksi la kwanza halijanyanyuliwa.

Tuanze na mkataba, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapigwa. Ukurasa wa mbele una bei ya kuhifadhi peke yake. Bei ya kutoa iko nyuma kabisa, kwenye kiambatisho cha ada, na huitwa "ada ya kuondoa moja kwa moja". Fanya hesabu ya mfano: boksi 60 kwa 1,500 ni shilingi 90,000 kwa mwezi, huoni tatizo. Siku unayotaka kuhama, ada ya kuondoa ni 25,000 kwa kila boksi. Boksi 60 ni shilingi 1,500,000, zaidi ya kodi ya miezi 16, na hapo bado usafiri. Kifungu kinachofuata kinasema hakuna boksi litakalotoka mpaka deni lote lilipwe. Kwa hiyo mtu wa TRA akikupa siku chache za kuleta vocha za mwaka juzi, utalipa chochote watakachotaja, na wao wanalijua hilo. Faida yao yote wameiweka kwenye mlango wa kutokea.

Kabla ya kusaini, dai ada zote tatu ziandikwe ukurasa mmoja na bei ya mwezi: ada ya kuazima boksi na kulirudisha, ada ya kuondoa kabisa, na ada ya kuharibu nyaraka muda wake ukiisha. Ada ya kuondoa kabisa isizidi kodi ya miezi 2 au 3 ya boksi hilo. Wakikataa kuibadilisha, usisaini, hata kama bei ya mwezi ni sifuri.

Ujanja wa pili ni wa vipimo. Boksi la kawaida la kumbukumbu lina urefu wa sentimita 38, upana 30 na kimo 25, yaani karibu kabisa na futi moja ya ujazo. Linabeba kama karatasi 2,500, sawa na rimu 5, na uzito wake ni kilo 12 hadi 13; mtu mmoja analinyanyua bila kuumia mgongo. Hawa wanakuletea boksi za 60 kwa 40 kwa 40. Unafurahi kwamba zinameza vitu vingi. Ankara ikija, unakuta bei ni kwa "kizio", kizio ni futi moja ya ujazo, na boksi lako la futi 3.4 limehesabiwa kuwa vizio 4. Boksi zile zile 60 sasa zinakudai shilingi 360,000 kwa mwezi badala ya 90,000. Tena boksi hilo likijaa karatasi linafika kilo 40, na siku ya kulishusha kwenye Kirikuu kitako chake kinaachia. Pima boksi zao kwa futi kamba kabla hujaanza kupakia.

Sasa orodha. Mkipakia, andika wewe mwenyewe kilichomo kwenye kila boksi: aina ya nyaraka, mwezi na mwaka wa kuanzia na wa kuishia, namba ya kwanza na ya mwisho ya vocha. Nakala moja iingie ndani ya boksi juu ya karatasi, nyingine ibaki kwako. Juu ya boksi weka namba tu, usiandike "Mishahara 2021" kwa kalamu nene kila mpita njia akaisoma. Funga kwa sili yenye namba, na namba hiyo iandikwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na saini ya dereva. Matapeli hawa hutoa hati inayosema "boksi 60 zimepokelewa", basi. Likipotea moja huna pa kushika, kwa sababu hati haisemi lipi.

Wiki moja baada ya kupeleka, wapigie uombe boksi moja kwa namba tu: "Naomba namba 17." Ghala lenye mpangilio linajua namba 17 iko safu gani, rafu ya ngapi. Wakikuuliza boksi lina rangi gani, au lina nini ndani, ujue yamerundikwa tu na mtu anatafuta kwa tochi.

Ghala ndilo la kutazamwa kwa macho yako, na uende bila kuwaambia siku. Tanga ni mji wa bahari: hewa ina chumvi, na masika ya Machi hadi Mei yanaleta unyevu ambao karatasi inaufyonza kimya kimya. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu unaanza. Kipima unyevu kidogo cha ukutani si kitu cha gharama. Ghala lisilo nacho halijali. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu angalau sentimita 10, na boksi zisigusane na ukuta, kwa sababu mchwa hupanda na ukuta na huingia kwa chini. Inua boksi moja la chini kabisa, ligeuze utazame kitako. Ukiona mstari wa udongo mwembamba kama penseli umejibandika kwenye katoni, huo ni mfereji wa mchwa, na boksi la nje linaweza kuonekana zima huku ndani umebaki unga na kingo za faili.

Wengine hawana ghala kabisa. Wanapanga kontena la futi 20 lililokaa juani. Mchana bati linachemka, usiku linapoa na mvuke unageuka matone darini, kisha yanadondokea boksi za juu. Pini na klipu za chuma zinashika kutu na kuitoboa karatasi. Ondoa chuma chote kabla ya kupakia, tumia tagi za uzi. Risiti za EFD ndizo zinazoteseka zaidi. Karatasi yake inaandikwa kwa joto, na joto hilo hilo linaifuta, hivyo miezi michache ndani ya kontena inatosha kukuachia kipande cheupe. Zipige kopi kwenye karatasi ya kawaida mapema, ubane kopi na risiti pamoja, na usizihifadhi kwenye mifuko laini ya plastiki, maana nayo inazifuta.

Omba pia kuona leseni ya biashara kwa anuani ya ghala lenyewe, cheti cha ukaguzi wa Zimamoto, na usajili wao kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Soma na kifungu cha fidia: mara nyingi wakipoteza boksi wanakulipa thamani ya katoni tupu.

Kuna jambo linalotuuma kuliko yote. Muda ukiisha wanakuuzia "uharibifu salama" na kukupa cheti chenye muhuri. Karatasi zenyewe zinapimwa kwa kilo na kuuzwa kwa wafunga karanga na bagia. Mteja anamaliza karanga zake, anakunjua karatasi, anasoma jina la mgonjwa na majibu ya vipimo, au mshahara wa mwalimu na namba ya akaunti yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuondolei wajibu kwa sababu ulimkabidhi mtu mwingine. Kwa hiyo tuma mtu wako akashuhudie zikikatwakatwa, akiwa na orodha ya namba za boksi mkononi, na cheti kitaje namba hizo moja moja.

Kama umeshaingia, usiache kulipa ghafla, maana utawapa sababu ya kuzuia. Andika barua ya kuomba orodha kamili ya boksi zako na mahali kila moja lilipo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha azima boksi chache chache kwa ada ya kuazima, ukianza na za miaka 5 ya karibuni: piga picha au skani nyaraka za kodi, mikataba na mishahara, ndipo urudishe. Ukishakuwa na nakala, watakuwa wameshika karatasi ambazo huzitegemei kama mwanzo, na hapo ada ya kuondoa inazungumzika. Boksi likikosekana, chukua taarifa ya upotevu polisi, iambatishe na barua kwa TRA kabla hujaulizwa, na uanze kukusanya mbadala: taarifa za benki, ripoti za Z (za mauzo ya kila siku) za mashine ya EFD, na nakala za ankara kutoka kwa wauzaji wako.