Ruta ya TP-Link Archer C6 katika nyumba ya mawe, Mikindani

Ruta ya TP-Link Archer C6 si mpya sokoni, wala haimo katika kizazi cha karibuni cha Wi-Fi. Hata hivyo, kwa kaya yenye bajeti isiyozidi shilingi 150,000, iliyochoshwa na mtandao unaopotea kila mara, naipendekeza kwa moyo mweupe, mradi mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba ugonjwa uko kwenye ruta na si kwenye laini ya mtoa huduma wa intaneti.

Uhakika huo hupatikana bila gharama. Unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye boksi la mtoa huduma, zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, kisha uitumie kama kawaida wakati ule ule ambao mtandao huwa unasumbua. Nyumbani kwetu hapa Mikindani, mkoani Mtwara, kompyuta iliyokuwa kwenye waya ilitulia jioni nzima, ilhali simu za chumba cha pili zilikuwa zikitolewa mtandaoni na kurudi: somo la binti yangu liliganda, sauti ya mwalimu ikakatika katikati ya sentensi, na taa ya Wi-Fi kwenye ruta ya zamani ikazimika na kuwaka tena yenyewe. Lau mtandao ungeyumba hata kwenye waya, ruta mpya isingefaa kitu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadhoofika sana nchini Tanzania, mwenye ruta ya ghali na mwenye ruta ya bei nafuu walikwama pamoja.

Kwenye kasha imeandikwa AC1200, na tarakimu hiyo inahitaji kusomwa kwa makini. Ni jumla ya megabiti 300 kwa sekunde za bendi (yaani masafa ya mawimbi ya redio) ya gigahezi 2.4 na megabiti 867 za bendi ya gigahezi 5, kisha ikakuzwa kidogo ili iwe namba kamili. Simu ya kawaida hutumia bendi moja kwa wakati, kwa hiyo haiwezi kuifikia. Kifurushi changu ni cha megabiti 20 kwa sekunde, na hakuna ruta itakayozigeuza kuwa 40. Nilichokuwa nakitafuta ni utulivu: vifaa vya watu wote wa nyumbani viwe hewani kwa pamoja bila ruta kuelemewa, na hilo Archer C6 inalifanya vizuri. Milango yake mitano ya waya, mmoja wa kupokea intaneti na minne ya vifaa, yote ni ya gigabiti, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde. Kwa kifurushi kama changu huo ni uwezo wa akiba tu, ingawa mwenye kuhamisha mafaili makubwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya nyumba atauona.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni kuta. Nyumba za zamani za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene kiasi kwamba dirishani mtoto hukaa kama aliyekaa barazani. Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi, lakini hupenya ukuta wa namna hiyo kwa shida zaidi kuliko ya gigahezi 2.4. Dukani, kijana muuzaji alinishauri kwa nia njema: “Mama, chukua hii ya antena nane, itafika hadi uani.” Sikuichukua, kwa sababu wingi wa antena hauondoi ukuta. Fedha iliyobaki nilinunulia waya wa netiweki, fundi akaupitisha juu ya milango kutoka sebuleni hadi ukumbini katikati ya nyumba, na ruta ikakaa kwenye rafu iliyo juu ya usawa wa kichwa, mbali na friji. Sasa vyumba vinavyopakana na ukumbi hutumia gigahezi 5, na uani, tunakopikia, hutumia gigahezi 2.4. Naamini waya ule umechangia sawa na ruta yenyewe.

Kuisanidi si kazi ngumu. Hufanyika kwa programu ya Tether kwenye simu au kwa kufungua anwani ya tplinkwifi.net kwenye kivinjari. Niliiweka katika hali ya kusambaza Wi-Fi tu, ili kazi ya kugawa anwani za mtandao ibaki kwa boksi la mtoa huduma, kisha nikazima Wi-Fi ya boksi hilo. Kwenye gigahezi 2.4 nilichagua chaneli, yaani njia ndogo ndani ya bendi, kati ya 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani, nikachukua ile ambayo majirani hawakuijaza.

Kabla ya kulipa, pindua ruta usome kibandiko cha chini, kwani jina moja la Archer C6 hubeba matoleo kadhaa yenye vifaa tofauti ndani. Baadhi yake, yakiwemo toleo la 2 na la 3, yanakubali mfumo huria wa OpenWrt, jambo linaloweza kurefusha maisha ya ruta baada ya kiwanda kuacha kutoa masasisho. Mimi nilimwomba muuzaji afungue makasha mawili ili nilinganishe, naye hakuona tabu.

Upungufu upo. Haina mlango wa USB wa kuchomeka diski, na haina betri, kwa hiyo umeme ukikatika nayo huzimika. Betri ndogo za kuhifadhia umeme wa ruta zinauzwa. Volti zake lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta, ampea zisipungue, na boksi la mtoa huduma nalo lipate ya kwake, maana kuiwasha ruta peke yake hakuleti intaneti. Vilevile haina sehemu ya kuweka kadi ya simu (SIM). Anayetegemea bando la kadi asiinunue hii. Atafute ruta ya 4G yenye nafasi ya kadi, hata kama italazimu kuongeza kidogo kwenye bajeti.