Kipimo cha mate kwa daktari wa meno: uzoefu wangu

Kinywa changu kilikuwa kikavu kwa miezi, hasa usiku, na meno mawili yakaanza kuoza karibu na ufizi. Nilikuwa nikimeza dawa ya mzio kila siku, na dawa za aina hiyo zinaweza kukausha kinywa. Nyumbani nilitumia vijikaratasi vya kupima pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi): nikiamka vinaonyesha tindikali, nikishatafuna kitu vinaonyesha mambo shwari. Nilidhani ni vibovu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Hupaswi kula wala kupiga mswaki kabla yake. Unainamisha kichwa dakika 5, mate yachuruzike yenyewe kwenye kikombe chenye vipimo. Halafu unatafuna nta ya parafini isiyo na ladha, dakika 5 tena, ukitema. Taya zilinichoka. Bila kutafuna nilitoa mililita 0.08 kwa dakika. Chini ya 0.1 ni ukavu. Kwa kutafuna nikafika 1.1. Kumbe tezi zangu bado zinafanya kazi! Nilikaribia kulia kwa furaha.

Daktari alinieleza kwa mchoro. Mate yakianza kutengenezwa ndani ya tezi huwa na sodiamu na kloraidi (viambato vya chumvi) karibu sawa na maji ya damu. Yakipita kwenye vijifereji, kuta zake huzinyonya hizo na kuingiza potasiamu, huku maji yakibaki. Mate yakienda polepole, vijifereji hupata muda, ndiyo maana mate ya kawaida hayana ladha ya chumvi. Yakienda kasi, sodiamu na kloraidi nyingi hupita kabla hazijanyonywa. Baikaboneti ndiyo iliyonishangaza: nayo huongezeka mate yakitoka kwa wingi, kwa sababu neva zinazochochea tezi huchochea pia utoaji wake. Hiyo ndiyo inayopunguza makali ya tindikali ya bakteria, pH isishuke hadi karibu 5.5, ambapo enameli (tabaka gumu la nje la jino) huanza kuyeyuka. Vijikaratasi vyangu vilikuwa sahihi, ila nilipima mate mawili tofauti.

Lawama yangu ni moja. Karatasi ya majibu ilikuwa na pH moja tu, bila kusema ni ya mate yapi. Nilipouliza, wakaniandikia zote: 6.3 bila kutafuna, 7.4 kwa kutafuna. Ukienda, dai zote mbili, kila moja na kasi yake.

Sasa natafuna chingamu isiyo na sukari kila baada ya mlo, na dawa ya mzio nimebadilishiwa. Mwezi ujao napimwa tena.