Hita ya lita 50 kwa watu wanne Arusha: inatosha, ila kwa masharti

Hita ninayoizungumzia ni ya tangi, ya kutundika wima ukutani, lita 50, elementi ya wati 1,500, kwenye nyumba ya watu wanne mjini Arusha. Mkioga kwa ndoo na kopo, inawatosha wote wanne asubuhi moja. Mkioga kwa shawa yenye presha nzuri, wa pili atamaliziwa maji ya moto akiwa bado na povu. Tangi ni lile lile na joto ni lile lile, kinachobadilika ni namna ya kuoga. Ndiyo maana siwaelewi wauzaji wanaouliza "mko wangapi nyumbani?" halafu wanashusha boksi.

Lita 50 zilizoandikwa kwenye boksi ni ujazo wa tangi, si maji ya kuoga. Maji yanatoka kwenye hita na nyuzijoto 60, mwili unataka 40 hivi, kwa hiyo lazima uyachanganye na ya baridi. Julai asubuhi, maji yanayotoka kwenye simtanki juu ya paa huku kwetu nayapima nyuzi 17. Toa 17 kwenye 60, unapata 43. Toa 17 kwenye 40, unapata 23. Gawanya 43 kwa 23: kila lita ya moto inakupa karibu lita 1.9 za kuoga. Lakini usizidishe kwa 50. Kadiri unavyochota ya moto juu, ya baridi yanaingia chini na kuchanganyika nayo, na lita za mwisho zinatoka vuguvugu. Mimi nahesabu lita 40 tu kuwa za moto kweli. Hapo unapata lita 75 za kuoga.

Lita 75 ni karibu ndoo nne za lita 20. Kwa shawa, chukua ndoo ya lita 10, ikinge chini ya shawa iliyofunguliwa kama unavyooga, tazama saa. Ikijaa kwa sekunde 75, shawa yako inatoa lita 8 kwa dakika, na mtu akioga dakika 6 amemaliza lita 48. Tangi limehudumia mtu mmoja na nusu. Ikijaa kwa dakika mbili, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi ambazo simtanki liko mita moja au mbili tu juu ya shawa, ni lita 5 kwa dakika, na watu wawili wanaoga vizuri. Kipimo hiki cha ndoo kifanyike kabla ya kwenda dukani, maana ndicho kinachoamua.

Anayenunua kwa kuiga nyumba ya ndugu yake wa Dar es Salaam atapotea. Kule maji ya bomba yakiwa nyuzi 27, hesabu inakuwa 33 kwa 13, yaani kila lita ya moto inazaa zaidi ya lita 2.5. Hita hiyo hiyo ya lita 50 inatoa lita 100 za kuoga, na ya lita 30 inatoa 60. Kwa familia ndogo ya Dar, lita 30 zinatosha kabisa. Ukiileta hiyo ya 30 Arusha, Mbeya au Njombe wakati wa kipupwe, mtalalamikiana kila asubuhi.

Sasa wati, ambazo watu wengi hawaziangalii. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 17 hadi 60 kunahitaji uniti 2.5 za umeme (lita mara tofauti ya joto mara 1.163, gawanya kwa 1,000). Elementi ya wati 1,500 itachukua saa 1 na dakika 40. Ya wati 2,000 saa 1 na robo. Tangi likishaisha, kila nusu saa ya kusubiri kwa wati 1,500 inakurudishia lita 28 za kuoga, yaani ndoo moja na nusu hivi. Kwa hiyo aliye na haraka asubuhi hasaidiwi sana na hita ya lita 80 yenye elementi ile ile ya 1,500: inataka uniti 4 na saa 2 na dakika 40 kuwa tayari. Inamfaa anayeiwasha usiku.

Hapo LUKU inaingia. Uniti 2.5 kwa siku ni uniti 75 kwa mwezi, na 75 ndiyo ukomo wa kundi la wateja wadogo wa TANESCO, D1. Hita peke yake, ikijaza joto mara moja tu kwa siku, imemaliza mgao wote kabla friji na taa hazijahesabiwa. Aliyezoea kununua umeme kwa bei nafuu ya D1 ajue hilo mapema.

Wikiendi ya wageni huna haja ya tangi kubwa zaidi: pandisha themostati hadi 70, na lita 75 zinakuwa 92. Ila maji ya nyuzi 70 huunguza ngozi ndani ya sekunde moja hivi, kwa hiyo kwenye nyumba yenye watoto wadogo silishauri hilo. Wala usiishushe chini ya 60 kwa muda mrefu ukidhani unabana matumizi. Bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, hustawi kwenye maji ya vuguvugu.

Kabla hujasema tangi ni dogo, angalia mabomba. Pete ya bluu ni ya maji kuingia, nyekundu ni ya kutoka. Ndani ya tangi la wima, mrija wa upande mwekundu unafika juu kabisa, na wa bluu unaishia chini. Fundi akizigeuza, unachota maji ya chini na baridi inamwagwa juu ya moto: dakika mbili tu shawa imepoa, na hita ya lita 50 inafanya kazi kama ya 15. Dalili ni hiyo, na dawa ni kuyabadilishana nafasi mabomba hayo mawili, siyo kununua hita nyingine. Vilevile tangi la wima lisilazwe.

Valvu ya usalama kwenye bomba la kuingilia itadondosha maji hita ikiwa inapasha. Siyo ubovu. Lita 50 zikitoka nyuzi 17 kwenda 60 zinatanuka kwa karibu lita 0.8, na valvu ikizuia maji yasirudi nyuma, lazima yatokee hapo. Iunganishie mpira mdogo uelekee kwenye sinki au mfereji. Nimeona mafundi wakiiziba kwa plagi ili ukuta usilowe. Hilo ni hatari kubwa, tangi linaweza kupasuka. Ikidondosha hata hita ikiwa imezimwa, hapo ndipo uangalie presha ya bomba au uibadilishe.

Kwa wanaofikiria shawa ya umeme ya papo kwa papo: ya wati 5,500 kwa maji ya nyuzi 17 inatoa lita 3.4 kwa dakika, mkondo mwembamba. Dar inatoa lita 6, ndiyo maana wa pwani wanaisifia. Inavuta ampea 24, kwa hiyo inataka waya wake wa milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32 moja kwa moja kutoka kwenye bodi. Waya wa 2.5 uliokuwa wa soketi utachemka ndani ya ukuta.

Kwa watu sita wa shawa kwenye baridi, nenda lita 100 yenye wati 2,000 au zaidi. Ikijaa maji inapita kilo 120, na tofali lenye matundu halishiki boliti za kupanuka. Toboa ukuta hadi upande wa pili, pitisha boliti ndefu, weka bati la chuma nyuma, kisha kaza nati.