Uzoefu wangu na Marvel Unlimited: Disney ndiye mwenye nyumba, msomaji ni mpangaji

Disney ilipotangaza tarehe 31 Agosti 2009 kwamba inainunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4, mashabiki walianza kuchora Mickey kavaa vazi la Spider-Man. Hofu iliyotawala ilikuwa kwamba komiki zitalainishwa mpaka ziwe za watoto. Nimeitumia Marvel Unlimited, huduma ya kusoma komiki za Marvel kidijitali kwa usajili, vya kutosha kusema kwamba jicho liliwekwa mlango usiokuwa na mwizi. PunisherMAX, mfululizo wa watu wazima hasa, ulianza mwishoni mwa 2009 mkataba ukiwa bado wa moto, ukaenda matoleo 22 hadi 2012. Hakuna aliyeufunga mdomo. Kilichobadilika ni leseni, rafu na akaunti, na hivyo ndivyo nitakavyovipima hapa.

Kwanza huduma yenyewe. Ilianza Novemba 2007, kabla ya Disney, kwa jina Marvel Digital Comics Unlimited, ikafupishwa 2013. Bei niliyoizoea ni dola 9.99 kwa mwezi au dola 69 kwa mwaka. Piga hesabu: miezi saba ya kulipa kidogo kidogo ni dola 69.93, kwa hiyo ukijua utasoma zaidi ya nusu mwaka, lipa mwaka mzima. Kwa dola hizo 69 ungenunua matoleo 17 ya karatasi yanayouzwa dola 3.99, basi. Hapa unafunguliwa maktaba ya matoleo zaidi ya 30,000. Kwa pesa tu, sijui komiki gani zingine zinakupa hivyo.

Toleo jipya huingia miezi mitatu baada ya kutoka kwenye karatasi (zamani ilikuwa sita). Kwa mfululizo unaojitegemea, miezi mitatu haiumi. Inauma kwenye visa vikubwa vinavyopita katika mifululizo kumi kwa wakati mmoja, maana kufikia siku unafungua toleo la kwanza, mwisho wake umeshaanikwa kila mahali. Programu pia hupanga matoleo kwa mfululizo, na kisa cha namna hiyo hakisomeki hivyo. Ukimaliza mfululizo mkuu ndipo urudi kwenye matawi, utakuta mhusika aliyekwisha kufa anapiga soga. Fuata tarehe ya kuchapishwa, toleo kwa toleo, hata kama ni kazi ya kuruka huku na huku. Orodha ya usomaji iliyotengenezwa na wahariri ikiwapo, anzia hapo.

Kuhusu kifaa, watu wengi hulaumu programu kwa kosa la skrini. Ukurasa wa komiki ya Marekani ni kama sentimita 16.8 kwa 26. Tableti ya inchi 9.7 yenye umbo la 4 kwa 3 ina kioo cha kama sentimita 14.8 kwa 19.7, kwa hiyo ukurasa unashuka hadi robo tatu ya ukubwa wake. Maandishi bado yanasomeka. Ikija picha ya kurasa mbili zilizoungana, ukageuza tableti ilale, unabaki na chini ya asilimia 60, na hapo ndipo maneno ya pembeni yanageuka sisimizi. Tableti ya inchi 12.9 ndiyo inayotoa ukurasa mmoja kwa ukubwa wa karatasi. Kwenye simu tumia hali ya kisanduku kwa kisanduku, ila izime kwenye kurasa ambazo mchoraji amevunja mipaka ya visanduku, kwa sababu programu hukata picha kwa mistatili na mkono au upanga unaovuka mpaka hupotea.

Sasa leseni. Mchapishaji huwa na komiki za aina mbili: wahusika anaowamiliki, na wahusika aliokodishiwa na wenye filamu, vichezeo au riwaya. Kampuni kubwa ikinunua, aina ya pili ndiyo hutikisika. Star Wars ni mfano safi. Mchapishaji mwingine, Dark Horse, aliichapisha tangu 1991. Disney ikainunua Lucasfilm, mwenye Star Wars, 2012, na Januari 2015 komiki hizo zikarudi Marvel. Kwa mtu wa Marvel Unlimited ilikuwa sikukuu, maana mamia ya matoleo ya enzi za Dark Horse yaliingia humo. Kwa Dark Horse lilikuwa pengo kwenye hesabu, na aliyekuwa akiyanunua kwenye duka lao la dijitali alikuta hayauzwi tena. Upande wa pili kuna Rom, matoleo 75 kati ya 1979 na 1986. Marvel waliyaandika na kuyachora wenyewe, lakini Rom ni kichezeo cha watu wengine, kwa hiyo hadithi hiyo ilikaa miongo bila kuchapishwa upya hadi 2024. Ukubwa wa Disney haukuifupisha hata siku moja ya kungoja huko. Kilichohitajika ni saini ya mwenye kichezeo.

Kejeli ni kwamba walioumia mapema zaidi walikuwa Donald na Mickey. BOOM! Studios ilikuwa na leseni ya komiki zao Marekani, ikaipoteza 2011. Tulidhani Marvel itawabeba. Haikuwabeba kwa maana yoyote ya kuridhisha, na magazeti yao ya kawaida hayakuamka hadi mchapishaji IDW alipoyaanza 2015. Bata ndio walioliwa na Spider-Man, si kinyume chake.

Filamu nazo zina mkono. Fantastic Four ilisimama kwenye toleo la 645 mwaka 2015, wakati haki za filamu zake ziko Fox, na ikarudi Agosti 2018, baada ya Disney kukubaliana kuinunua Fox. Mashabiki waliunganisha nukta hizo, na siwalaumu. Ukitaka kukisia ni mfululizo gani utapewa waandishi wazuri na matangazo, tazama kwanza ratiba ya sinema.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni muda. Kelele huwa nyingi wiki ya tangazo, na madhara huja miaka kadhaa baadaye, watu wameshasahau. DC, mshindani mkuu wa Marvel, ilichukua kampuni ya komiki ya WildStorm mwanzoni mwa 1999 na kulifunga jina hilo 2010. Amazon ilinunua comiXology, duka la komiki za kidijitali, Aprili 2014. Mwezi huohuo kitufe cha kununua kikaondolewa kwenye programu ya iPhone na iPad ili kukwepa kamisheni ya asilimia 30 ya Apple, kero ndogo. Kubwa lilikuja Februari 2022, duka lilipoyeyushwa ndani ya Amazon, na Desemba 2023 programu yenyewe ikamezwa na Kindle. Embracer, kampuni ya michezo ya video, ilimaliza kuinunua Dark Horse 2022, na Machi 2025 duka lao la dijitali, Dark Horse Digital, likafungwa. AT&T iliichukua Time Warner, mmiliki wa DC, 2018, na Agosti 2020 DC ikapunguza wahariri wengi kwa mkupuo. Kwa hiyo mchapishaji wako akinunuliwa leo, weka kumbukumbu kwenye kalenda ya miaka mitano mbele, si ya wiki ijayo.

Kwa komiki ulizonunua, tofauti na unazosoma kwa usajili, kuna kazi ya kufanya mapema. Ingia kwenye akaunti, hifadhi orodha yote ya manunuzi pamoja na risiti. Kisha tafuta zipi zinaruhusu kupakuliwa bila kufuli la kidijitali. ComiXology iliruhusu nakala za namna hiyo kuanzia Julai 2014, lakini kwa wachapishaji waliokubali tu, Image wakiwemo. Marvel na DC hawakuingia. Ukipewa uchaguzi kati ya PDF na CBZ, chukua CBZ. Ni mfuko wa zip wenye picha ndani, hauhitaji programu ya mtu yeyote. Badilisha herufi za mwisho za jina la faili ziwe zip na kompyuta yoyote itaufungua. Toleo moja mara nyingi ni megabaiti 30 hadi 100, kwa hiyo matoleo 500 ya wastani wa 60 ni gigabaiti 30, yanaenea kwenye flashi ya kawaida ya USB. Weka nakala mbili, kila moja kwenye kifaa chake.

Fungua kila faili baada ya kupakua. Duka moja lilinipa faili zilizokatika katikati, na kwa jina na picha ya jalada kwenye tovuti usingejua. Zip huweka fahirisi yake mwishoni mwa faili, hivyo upakuaji ukikatika hata kwenye asilimia 98, faili nzima hukataa kufunguka. Bora igundulike duka likiwa hai, uipakue tena. Hesabu pia kurasa: toleo la kawaida lina kurasa 20 hivi za hadithi, mbali na jalada na matangazo.

Matoleo unayopakua ndani ya Marvel Unlimited kwa ajili ya safari hayahesabiki kama nakala. Yamo ndani ya programu, na usajili ukiisha hayafunguki. Sioni ubaya hapo, ni upangaji na bei yake ni ya upangaji. Ubaya ni pale duka linapoandika "nunua" kwa kitu ambacho kimsingi ni hichohicho.

Ukilinganisha na DC Universe Infinite, huduma ya usajili ya komiki za DC iliyoanza Januari 2021 baada ya video za huduma iliyoitangulia, DC Universe, kuhamishiwa HBO Max, Marvel ina kina zaidi cha zamani, na kungoja kwake kwa miezi mitatu ni bora kuliko miezi sita ya kifurushi cha kawaida cha DC. Cha juu cha DC hushusha hadi siku 30, kwa bei yake.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa upangaji wa visa vikubwa na kwa mapengo ya komiki za leseni. Anayesoma ya nyuma, tuseme X-Men tangu 1963 kwa mpangilio, achukue ya mwaka bila kusita. Anayefuata mifululizo miwili au mitatu mipya tu anunue karatasi. Na ukijisajili kupitia duka la programu la simu, kumbuka kwamba kughairi hufanyikia hukohuko kwenye mipangilio ya simu. Kufuta programu hakusimamishi makato.